Maswali Yenu: Mkimbiaji, Nyumba na Saa za Alfajiri

Barua nyingi za mwezi huu zimetoka Mwanza, kwa watu wanaojiandaa kwa mbio ndefu huku wakiwa na ajira, watoto na nyumba ya kuangalia. Karibu wote wanauliza jambo moja: muda wa mazoezi utoke wapi? Katika majibu yetu mtaona wazo moja likijirudia. Kazi nyingi za nyumbani zina sehemu ya mkono na sehemu ya kusubiri. Kuchambua maharage ni mkono, kulowa ni kusubiri. Kufua ni mkono, kukauka ni kusubiri. Sehemu ya mkono ikianzwa mapema, ile ya kusubiri inakwenda yenyewe wakati umelala au uko barabarani. Ikichelewa kuanzwa, utaisubiri wewe, umesimama jikoni na jasho likikukaukia mwilini.

SWALI: Salaam kwenu. Mimi ni muuguzi, nina watoto watatu, wawili wako shule ya msingi. Naamka saa kumi kamili ili nikimbie kilomita 8 kabla ya kazi, lakini hadi nifunge kamba za raba ni saa kumi na moja kasoro dakika kumi. Nikirudi ni vurugu: chai, sare, mabegi, na mimi mwenyewe sijaoga. Nisaidieni.
*Mama Watatu, Nyegezi*

JIBU: Dada, dakika hizo hamsini hazitokani na uvivu. Zinatokana na kutafuta vitu gizani na kuamua mambo kichwa kikiwa bado na usingizi. Yote mawili yanahamishika kwenda jioni, na jioni yanachukua dakika kumi tu.

Piga msumari mmoja nyuma ya mlango wa kutokea, uwe wa mazoezi pekee. Ukishaosha vyombo vya usiku, tundika hapo nguo zote kwa mpangilio wa kuvaa, ya kwanza kuvaliwa ikiwa juu: sidiria ya mazoezi, tisheti, bukta, kizibao cha kuakisi mwanga. Soksi ziingie ndani ya raba, na raba ziwe chini ya msumari zikiwa zimeshalegezwa kamba. Kimfuko kidogo kibebe ufunguo, kitambulisho na noti ya shilingi elfu tano ya bodaboda, endapo kifundo cha mguu kitateguka mbali na nyumbani. Simu na tochi ya kichwani vichajiwe sebuleni, si chumbani. Kengele ikilia sebuleni utainuka kuizima, na ukishainuka uko hatua tatu kutoka kwenye msumari.

Tochi na kizibao si mapambo. Mwanza iko magharibi ya Dar es Salaam lakini saa zetu ni zile zile, kwa hiyo jua letu huchomoza takriban dakika 25 nyuma ya la kule. Kuna miezi halionekani hadi saa moja kasoro dakika chache. Anayetoka saa kumi na moja anakimbia gizani zaidi ya saa nzima. Kimbia upande wa kulia wa barabara, ukitazamana na magari.

Kuhusu watoto, sare zipigwe pasi zote Jumapili mchana umeme ukiwepo, zitundikwe kwa seti kwenye hanga: shati, sketi au kaptula, na soksi zimebanwa hapo hapo kwa kibanio. Kama mtoto ana sare mbili tu, kufua kuwe Jumatano jioni kwa siku maalumu, isiwe pale mnapokumbuka. Mabegi yakaguliwe kabla televisheni haijawashwa. Mtoto akishaketi mbele ya katuni, daftari la hesabu litatafutwa asubuhi, na atakayelitafuta ni wewe.

Chai sasa. Wengi huandaa chai ya maziwa usiku na kuiacha kwenye chupa hadi asubuhi. Chupa ikishapoa na kuwa vuguvugu, bakteria huzaliana humo na maziwa huchacha. Watoto wakiumwa tumbo lawama huangukia mkate. Weka maji yaliyochemka peke yake. Suuza chupa kwanza kwa maji ya moto, uyamwage, ndipo ujaze hadi shingoni, maana nafasi tupu inakula joto. Asubuhi utayachemsha tena kidogo pamoja na maziwa na majani, na yatachemka upesi kwa sababu hayaanzi baridi.

Viazi vitamu vimenye na kuvikata usiku vipande vya kidole gumba, uviache kwenye sufuria ndani ya maji, juu ya jiko lisilowashwa. Ukirudi, washa jiko kabla hujavua raba. Vipande vya ukubwa huo huiva kwa dakika 15 hadi 20, na huo ndio muda wa kuoga na kuvaa. Ukiviacha vizima itakuwa dakika 40, na hapo ndipo vurugu inaporudi.

Jambo la mwisho: siku unayotoka zamu ya usiku, usikimbie asubuhi. Lala. Ukikosa usingizi mwili haupati muda wa kujijenga baada ya mazoezi, na dereva wa daladala anayekukuta barabarani unasinzia hana kosa.

SWALI: Mimi ni mwalimu, naishi peke yangu Igoma, chumba na sebule. Nina jiko la gesi, sina friji. Najiandaa kwa nusu marathoni. Jumamosi nikitoka kilomita 16 au 18 sina nguvu ya kusimama jikoni, nanunua chipsi. Nataka chakula cha maana kisichokula muda.
*Mwalimu, Igoma*

JIBU: Mwalimu, kukosa friji si kikwazo kikubwa ukiishi kwenye ziwa hili, kwa sababu vyakula vya wenyeji wa huku vingi ni vya kukausha. Weka ndani vitu vitatu vikavu, pika kimoja kibichi kwa siku, na usilaze chochote kilichopikwa.

Cha kwanza ni dagaa. Ukienda soko la Mwaloni, Kirumba, chagua wanaong'aa kama fedha. Walioanza kuwa na rangi ya njano mafuta yao yameshaharibika, na hakuna kiungo kitakachoondoa ule uchungu. Uliza kama walianikwa kwenye chanja au kwenye mchanga. Wa chanja bei yao huwa juu kidogo, lakini kazi ya kusafisha hupungua zaidi ya nusu. Kumbuka pia kwamba dagaa huvuliwa usiku kwa taa, na mwanga wa mwezi huwafanya wasikusanyike. Siku za mbalamwezi mzigo hupungua na bei hupanda. Nunua siku za giza, chukua wa wiki mbili.

Namna ya kuwaandaa mara moja: wapepete kwenye chekeche ili mchanga mkavu udondoke. Waloweke maji ya uvuguvugu dakika tano, kisha watoe kwa kuwanyanyua kwa mikono. Usimwage maji pamoja nao, kwa sababu mchanga umetua chini ya beseni na ukimwaga unawarudishia. Rudia hadi chini ya beseni kuwe safi, kwa kawaida mara tatu. Waanike juani hadi wakauke, halafu wakaange bila mafuta kwenye moto mdogo kwa dakika 10 hadi 15 mpaka wavunjike kwa mlio ukiwabana. Subiri wapoe kabisa ndipo ufunike kopo. Ukifunika wakiwa na joto, mvuke unageuka maji na ndani ya siku nne una ukungu. Dagaa hao unawatupia kwenye nyanya na kitunguu, dakika saba umeshakula na ugali. Kamulia ndimu juu yake, na chai ya rangi uisogeze mbele saa moja: ikinywewa pamoja na chakula hupunguza madini ya chuma ambayo mwili unayapata mlo huo, na mkimbiaji anayahitaji.

Cha pili ni karanga za kukaanga. Zichambue moja moja. Iliyokunjamana, yenye ukungu au yenye rangi ya ajabu itupe. Sumukuvu haiondoki kwa kukaanga wala kwa kusaga.

Cha tatu ni matobolwa, na hapa tunaomba wasomaji wasio Wasukuma wasikilize. Ni viazi vitamu vilivyochemshwa, vikakatwa na kuanikwa hadi vikauke. Visichanganywe na michembe, ambayo huanikwa mibichi na lazima ipikwe. Matobolwa yanaliwa hivyo hivyo, hayaozi mfukoni, na ni wanga karibu mtupu. Katika mbio zinazozidi dakika 90, gramu 40 hivi kwa saa, yaani konzi moja ndogo, zitakupa takriban gramu 30 za wanga, kiwango cha chini ambacho wakimbiaji wa masafa hushauriwa kula kwa saa. Yana nyuzinyuzi na ni makavu, kwa hiyo tafuna polepole na maji, na yajaribu kwanza siku ya mazoezi. Tumbo lisilozoea litakuaibisha siku ya mashindano.

Sasa Jumamosi yenyewe. Ijumaa usiku loweka glasi moja ya maharage kwa glasi tatu za maji. Saa nane hadi kumi na mbili zinatosha. Kwa joto la Mwanza yakizidi hapo yanaanza kutoa povu na harufu ya chachu. Alfajiri kabla ya kutoka mwaga maji hayo, suuza, weka maharage kwenye sufuria ya presha na maji mapya yanayopita juu yake kwa vidole viwili. Ukirudi unawasha tu. Tangu presha ipige, hesabu dakika 15 hadi 20 kwa maharage yaliyolowekwa, nawe uko bafuni. Usijaze sufuria kupita nusu, kwa sababu povu la maharage huziba tundu la presha. Nyanya na ndimu ziingie mwisho, maharage yakishaiva. Tindikali hufanya ganda kuwa gumu na utabaki kuchochea gesi bure. Asiye na presha apike kwa sufuria ya kawaida, lakini maharage mekundu lazima yachemke kwa nguvu angalau dakika 10 kabla ya kupunguza moto. Yakiiva kwa moto wa chini tangu mwanzo yana sumu inayotapisha.

Wali usiulaze. Kuna bakteria wa wali ambaye sumu yake haiharibiwi na kupashwa moto, na kiporo kilicholala kwenye sufuria ndicho makazi yake. Pika kipimo cha mlo mmoja.

Kinywaji cha njiani nacho kiandaliwe kwa wingi kikiwa kikavu. Kwa lita moja ya maji safi: vijiko vikubwa vitano vya sukari vilivyosawazishwa, karibu gramu 60, na robo kijiko cha chai cha chumvi. Fungasha vipakiti kumi kwa mkupuo, kila kimoja kikipimwa peke yake. Ukichanganya kilo nzima kwenye kopo moja, chumvi yenye chembe ndogo inashuka chini; chupa zako za mwanzo zitakuwa shira na za mwisho zitakuwa bahari. Ndimu ikamuliwe siku yenyewe. Kwa mbio za chini ya saa moja, maji matupu yanatosha.

SWALI: Sisi friji tunayo, ila umeme hukatika. Chakula nilichopika Jumapili cha wiki nzima nakitupa au nakila?
*Mke na Mama, Isamilo*

JIBU: Friji iliyofungwa hushikilia ubaridi kwa karibu saa nne. Friza iliyojaa hufika saa 48, iliyojaa nusu saa 24. Kwa hiyo umeme ukikatika, kazi ya kwanza ni kuwakataza watoto kufungua mlango. Nafasi tupu kwenye friza zijazwe chupa za plastiki zenye maji. Zikiganda zinalinda vingine. Umeme ukirudi, kilichobaki na chembe za barafu kinaweza kugandishwa tena. Kilichoyeyuka na kupata joto zaidi ya saa mbili kitupwe, hata kama hakinuki.

Usipike wiki nzima. Chakula kilichopikwa kinakaa friji siku tatu hadi nne. Cha siku zinazofuata kigandishwe siku hiyo hiyo ya kupika, kwenye vyombo vya nusu lita, si sufuria nzima. Kabla ya kukiweka, kipoze kwa kusimamisha sufuria kwenye beseni la maji na kukoroga. Sufuria ya moto ikiingizwa moja kwa moja inapasha maziwa na nyama jirani yake.

SWALI: Tisheti zangu za mazoezi zinanuka hata zikitoka kwenye kamba. Nikizivaa dakika kumi tu, harufu imerudi. Nimeongeza sabuni, nimeongeza na dawa ya kulainisha nguo, bado.
*Mkimbiaji, Kirumba*

JIBU: Ulivyoongeza ndivyo vinavyoshikilia harufu. Tisheti za mbio nyingi ni za polyester, ambayo hunywa maji kidogo lakini hung'ang'ania mafuta ya ngozi, na bakteria wa harufu hustawi juu yake kuliko juu ya pamba. Sabuni ikizidi haitoki yote wakati wa kusuuza. Inabaki utando unaofungia mafuta humo. Dawa ya kulainisha ni utando wa pili, na juu ya hayo inaharibu uwezo wa nguo kupitisha jasho. Iache kabisa.

Kwanza zirudishe nguo kwenye hali yake. Changanya siki nyeupe nusu lita na maji lita mbili, loweka tisheti moja au mbili nusu saa, suuza, kisha zifue kawaida. Rudia mara moja kila baada ya wiki tatu au nne. Siki na dawa ya klorini ya kung'arishia visikutane kamwe kwenye beseni moja, kwa sababu vinatoa gesi inayochoma mapafu. Klorini haina kazi hapa hata peke yake; inakula lastiki.

Baada ya hapo, kila siku fanya hivi. Ukiingia bafuni, geuza nguo nje-ndani, maana jasho liko upande wa mwili, zitupe kwenye ndoo yenye lita tano za maji na kijiko kikubwa kimoja cha sabuni ya unga. Oga. Ukimaliza zimeshalowa dakika kumi. Zisugue kwapani na mgongoni, suuza mara mbili. Zitandaze juu ya taulo kavu, uliviringishe kama mkeka na ulikamue kwa kulikanyaga. Taulo hunyonya maji ambayo mikono isingeyatoa, na nguo inakauka kivulini penye upepo kwa saa chache hata siku za mvua za Aprili. Kazi yote ya mkono ni dakika nne. Usizilaze kwenye maji ya sabuni hadi kesho. Maji hayo yanachacha na utafua harufu mpya. Na nguo yenye jasho isifungiwe kwenye mfuko wa plastiki ndani ya begi. Kama unatoka mazoezini moja kwa moja kwenda kazini, tumia mfuko wa wavu.

SWALI: Buhongwa kukinyesha ni tope tupu. Raba zangu nazikausha juu ya jiko la mkaa usiku, sasa soli imeanza kuachia.
*Kijana wa Tope, Buhongwa*

JIBU: Joto la mkaa ndilo lililoyeyusha gundi, na povu la ndani ya soli nalo hukakamaa. Toa soli ya ndani na kamba, osha kwa mswaki wa zamani na maji ya sabuni, jaza magazeti yaliyokunjwakunjwa hadi kidoleni. Badilisha magazeti baada ya saa moja, kisha tena kabla ya kulala, ulaze raba kwa ubavu penye upepo. Ukiweza kumiliki jozi mbili za kupokezana, kila jozi inapata siku nzima ya kukauka na zote zinadumu zaidi. Ukinunua za mtumba, bonyeza soli kwa kidole gumba: isiyobonyea kabisa, au yenye mikunjo mingi ubavuni, imeshakufa hata kama juu inang'aa.

SWALI: Kaka zangu, mke wangu amechoka na mbio zangu. Jumamosi natoka saa kumi na moja, narudi saa nne, nalala hadi saa nane mchana. Anasema namwachia nyumba. Nafanyaje bila kuacha mazoezi?
*Baba Wawili, Ilemela*

JIBU: Kaka, mkeo ana haki. Mbio zenyewe huenda zinachukua saa mbili na nusu, lakini nyumba imekukosa kwa saa tisa. Hizo nyingine ndizo za kurudisha.

Pata ratiba kwanza. Mwambie Jumatatu, si Ijumaa usiku, mbio ndefu ni siku gani na mlango utafunguliwa saa ngapi, kisha uheshimu saa hiyo kama ya kazini. Ongezeko la "nilikutana na jamaa" ndilo linaloumiza. Usingizi wa mchana uwe dakika 30 kwa kengele. Ukipita saa moja unaamka mzito na usiku hulali vizuri.

Halafu chukua kazi nzima, usichukue kusaidia. Anayeosha vyombo lakini anasubiri kuambiwa sabuni imekwisha bado amemwachia mwenzake mzigo wa kufikiri. Zipo zinazoendana vizuri na mkimbiaji: kujaza maji ndoo zote Ijumaa jioni, kwenda sokoni, kwa kumalizia mbio karibu na soko huku kikapu na pesa ukiwa umeviacha kwa muuzaji unayemfahamu, na chakula cha Jumamosi usiku, tangu kuchambua hadi kusugua sufuria. Nguo zako za jasho ufue mwenyewe, siku zote. Kila Jumamosi ya pili iwe asubuhi yake yeye, alale au atoke, na watoto wawe wako. Siku hiyo mbio zako zihamie Jumapili alfajiri, ziwe fupi.

SWALI: Tunakimbia kundi letu pembeni ya ziwa hadi Igombe. Tukimaliza tunaoga ziwani ili tusipoteze muda wa kuchota maji nyumbani. Kuna ubaya?
*Wanakikundi*

JIBU: Upo, na tunawaomba muache leo. Ziwa Victoria lina kichocho. Mabuu yake hutoka kwa konokono wanaoishi kwenye majani ya ufukweni na hupenya ngozi nzima, isiyo na kidonda, kwa dakika chache. Hutoka kwa wingi jua likipanda, lakini hakuna saa iliyo salama. Kujifuta kwa nguvu ukitoka si kinga ya kutegemea, na maji kuonekana meupe hayamaanishi kitu.

Mnaookoa ni dakika kumi. Kuoga kwa kopo kunahitaji lita tano hadi saba tu: mbili za kulowanisha na kupaka sabuni, zilizobaki za kusuuza kuanzia kichwani. Aliye na maji ya ziwa pekee ayachote na kuyaacha kwenye chombo kisicho na konokono kwa siku mbili; mabuu yatakuwa yamekufa. Kwa hiyo kuwe na madumu mawili ya kupokezana, la kesho na la keshokutwa. Dumu jeusi likiachwa juani mchana linakupa maji ya uvuguvugu jioni bila mkaa.

Mliokwisha kuoga, nendeni kituo cha afya mkapime choo na mkojo wiki sita hadi nane tangu mlipoingia majini mara ya mwisho, au mapema zaidi mkiona damu chooni, maumivu ya tumbo au homa. Dawa yake, prazikwanteli, hutolewa kwa uzito wa mtu, na haiui vizuri minyoo ambayo bado ni michanga. Ndiyo maana aliyemeza siku mbili baada ya kuoga huweza kurudi mgonjwa.

SWALI: Naendesha baiskeli ya gia Kisesa hadi Magu na kurudi, mara mbili kwa wiki. Cheni nimebadilisha mara mbili mwaka huu. Kuisafisha kunanimalizia Jumapili.
*Mwendesha Baiskeli, Kisesa*

JIBU: Kama unapaka oili chafu ya gari, umepata sababu. Ina chembe za chuma zilizosagika ndani ya injini, ni nzito, na vumbi la pembeni mwa barabara linaigandia hadi inakuwa msasa.

Cheni isiyoachwa ichafuke haihitaji Jumapili. Kila ukirudi, kabla ya kuingiza baiskeli ndani, ishike cheni kwa kitambaa kikavu na uzungushe pedeli kinyumenyume mara ishirini. Ni dakika moja. Kila kilomita 200 hivi, au ukinyeshewa, isugue kwa mswaki uliochovywa kwenye mafuta ya taa, mbali na moto, uifute hadi kitambaa kitoke karibu safi, uiache ikauke. Kisha tone moja la mafuta mepesi juu ya kila kiroli, upande wa ndani wa cheni. Mafuta ya cherehani yanafaa, ila hukauka upesi, kwa hiyo rudia mara nyingi zaidi. Fanya hivyo jioni ili yapenye usiku kucha, na asubuhi futa yote yaliyobaki nje. Mafuta yanafanya kazi ndani ya viroli. Ya nje yanakamata vumbi tu.

Kila mwezi ipime kwa futi ya fundi yenye inchi. Anza katikati ya pini moja, hesabu pingili 24. Cheni mpya inafika inchi 12 kamili. Ikizidi kwa milimita moja na nusu, badilisha cheni peke yake. Ukingoja hadi izidi milimita tatu, meno ya gia yameshachongeka kwa kuifuata, na cheni mpya itaruka ruka juu yake ukikanyaga mlimani. Hapo inabidi ununue cheni na gia za nyuma pamoja, na huenda mara zako mbili za mwaka huu zilikuwa cheni nzima iliyofungwa juu ya meno yaliyokwisha. Kabla ya kununua ya tatu, mwombe fundi aiangalie gia unayoitumia zaidi: jino lililochongeka kama ndoano ya kuvulia limekwisha.